UZI: Nachora Land Rover 109 ya karatasi (skeli 1:25, yaani ndogo mara 25 kuliko gari halisi), natafuta watu wa kuijenga kwa majaribio kabla sijaweka rangi

mwisho_wa_reli (Kigoma, Mwanga)

Wakuu habari za humu ndani. Nina patani (michoro ya vipande vya kukata na kubandika) ya Land Rover 109 ya karatasi, Series III, yaani toleo la tatu, ile ya stesheni wagoni ya milango mitano, naichora mwenyewe kuanzia ziro sio ya kushusha mtandaoni, na imefika sehemu ambayo macho yangu peke yangu hayatoshi tena. Kwenye skrini kila kitu kinakaa vizuri. Skrini haina unene, haina gundi, haina kidole kinachotetemeka, kwa iyo nataka watu waijenge nyeupe hivyo hivyo bila rangi waniambie inagoma wapi.

Kwa nini 109 na sio gari nyingine? Sababu ya kwanza haihitaji maelezo kwa mtu wa huku, gari ya misheni, ya maliasili, ya hospitali, barabara ya Kasulu na Kibondo enzi za vumbi jekundu unadhani nani alikuwa anapita. Sababu ya pili ndo kubwa, ni karatasi yenyewe. Karatasi inakubali kupinda upande mmoja tu kwa wakati mmoja. Ukiizungusha iwe bomba inakubali, ukiizungusha iwe koni inakubali, ukiilazimisha iwe mpira inajikunyata na haitakusikiliza hata uipake gundi lita nzima. Sasa Land Rover ilipotoka 1948 Uingereza chuma kilikuwa cha shida baada ya vita, bodi wakaitengeneza kwa mabati ya aluminiamu, mengi yake yamenyooka au yamepindwa kidogo tu upande mmoja ili kazi iwe rahisi. Yaani wale jamaa walikuwa na shida karibu ileile niliyonayo mimi na manila yangu.

Vipimo: hiyo 109 ni inchi kutoka katikati ya ekseli ya mbele mpaka katikati ya ekseli ya nyuma, ambayo ni milimita 2769. Gawa kwa 25 unapata 110.8. Urefu wa gari zima ni kama mita 4.445, kwa karatasi ni 178 mm, kwa iyo ubavu mzima unaingia kwenye A4 bila kuukata. Tairi la 7.50-16 lina kipenyo cha karibu sentimita 80, kwetu sisi ni 32 mm. Vile vidogo vidogo nimepima mwenyewe kwa tepu, kuna mzee hapa Gungu yake imepaki chini ya mwembe miaka mingi, ameniruhusu nizunguke nayo nitakavyo. Kwa wanaopima kutoka kwenye picha: simama mbali halafu vuta na zumu, ukipiga kwa karibu boneti inavimba na nyuma inasinyaa, vipimo vyako vyote vinakuwa uongo.

Kurasa ni 6 za A4. Printi kwenye manila ya gramu 160 mpaka 200. Nimechora kwa Blender, ni bure, ina nyongeza yake ya kukunjua umbo liwe bapa, alafu kila kipande nimekipitia upya kwa mkono kwa sababu mashine inakukatia popote inapotaka yenyewe, unakuta mlango umegawanyika katikati ya kitasa.

Nani yupo?

KibiriziBoy

Uzi bila picha ni chai mkuu 😂

mwisho_wa_reli

Picha ya nini wakati hata mimi sijaijenga yote, ndo maana nawaita. Subiri wajenzi.

toboa_maembe (Tabora)

Nipo mkuu, tuma faili. Ila nikuulize, kwa nini usingechora Volkswagen ile ya mgongo wa kobe, watu wote wanaipenda, ukiiweka tu hapa unapata likes mpaka simu inapata moto. Land Rover ni boksi, boksi na mtoto wa darasa la tatu anachora.

mwisho_wa_reli

Hilo boksi uje ulijenge alafu tuongee 😄

Volkswagen madigadi yake manne kila moja limepinda pande mbili kwa pamoja, boneti vilevile, paa vilevile. Inawezekana, sikatai, watu wanaifanya, ila lazima kila mviringo uukate vipande vyembamba ambavyo vikiungana vinadanganya jicho. Vipande vikiwa vichache inaonekana imepigwa nyundo, vikiwa vingi unaunga mpaka macho yanauma na kila muungo unaongeza unene wake.

MamaPacha_Ujiji

Samahani nadandia uzi wa wanaume 😀 mimi ni fundi cherehani, hicho mnachozungumza ndo kazi yangu ya kila siku. Kitambaa na chenyewe ukikilaza mezani ni bapa, mwili wa mteja sio bapa. Sketi ikitakiwa ikae kiunoni na ifunguke chini naikata vipande sita au vinane, na kifuani nakata kipembe nakishona kinapotea, basi gauni limepata umbo. Kwa iyo mwanangu wa Tabora huyo kobe wako ni gauni la harusi, Land Rover ni kaunda suti. Anza na kaunda suti.

Na mimi nitumie hilo faili, wanangu wako likizo wananimalizia chaki.

mwisho_wa_reli

Karibu sana dada, na uzi sio wa wanaume hata kidogo. Nakutumia sa hivi.

Mzee_wa_Difu

Vijana salaam. Mimi ni makanika, za chesisi ndefu na fupi nimezifungua nyingi. Nimefungua faili kwenye simu ya kijana wangu, kazi nzuri, ila mbele umechanganya madawa. Umeandika Series III lakini shoo (ile ya mbele inayofunika rejeta) uliyochora ni ya wavu wa chuma. Series III ilianza 1971 na shoo yake ni ya plastiki. Zile za mwanzo taa kubwa zilikaa ndani karibu karibu pale kwenye shoo, mwishoni mwa miaka ya 60 ndo zikahamia kwenye fenda. Kwa iyo taa kwenye fenda na wavu wa chuma vilikuwepo pamoja ndio, lakini kwenye Series IIA za mwisho mwisho, toleo la kabla ya III, muda mfupi tu kabla ya III kuingia.

Kingine, ndani. Ukichora Series III saa za dashibodi ziko mbele ya dereva. IIA ziko katikati. Na usukani kulia usije ukaweka kushoto nikakufuata huko Mwanga.

mwisho_wa_reli

Shikamoo mzee. Gari ya Gungu ndo imevaa huo wavu, itakuwa mwenyewe alifunga shoo ya gari nyingine. Nafanya hivi: kipande namba 14 kinakuwa viwili, 14A shoo ya plastiki na 14B wavu, na dashibodi vilevile mbili. Mtu anachagua anajenga gari ya mwaka gani.

Mzee_wa_Difu

Marahaba. Hapo sawa. Na hizo gari zilivyo kila fundi amezifunga spea ya mwenzie, hata ukichanganya kuna mahali ipo inatembea.

KibiriziBoy

Kwa iyo watu wazima na familia zenu mnakaa mnagombana taa za gari ya karatasi aisee. Kigoma dagaa zimeisha?

Mwl_Kasulu

Dagaa zipo bwana mdogo, kaanike. Mimi nafundisha hesabu sekondari, kila mwaka nafika kwenye eneo la uso la koni na darasa zima linalala. Kwenye hii gari kuna bakuli la taa ambalo ni koni halisi. Taa za hizi gari ni inchi 7, kwa 1:25 ni 7.1 mm, basi nusu kipenyo tuseme 3.5. Ukitaka mteremko wa koni uwe 5 mm, ile duara bapa unayokata lazima ibakie nyuzi 360 × 3.5 ÷ 5, yaani 252, nyuzi 108 unazitupa. Mwanafunzi akikosea taa haiingii kwenye tundu, sihitaji hata kumsahihishia. Nimechukua faili, nitakuja na majibu.

dogo_A4

wakuu mimi nimeprinti stesheneri hapa mtaani nikaanza kukata lakini chesisi yangu ni fupi. nimepima ekseli mpaka ekseli ni 107 na nusu sio 110.8. nimekosea wapi au ndo chesisi fupi??

mwisho_wa_reli

Hapana dogo, chesisi fupi ni inchi 88, ingekutokea kama 89 mm. Angalia chini ya ukurasa wa kwanza kuna mstari nimeandika 100 mm, upime na rula uniambie.

dogo_A4

97

mwisho_wa_reli

Basi ni printa. Kompyuta ya stesheneri imejiwekea kupunguza ukurasa ili uingie ndani ya pambizo, wakifungua PDF wanabonyeza tu printi hawaangalii. Mwambie achague saizi halisi au asilimia 100. Ukurasa wa kwanza uprinti peke yake, pima mstari, ukiwa 100 ndo utoe zilizobaki, manila sio bure. Gari nzima ikitoka kwa 97 inajengeka tu haina neno, ubaya ni ukichanganya kurasa za 97 na za 100, hapo hakuna kitakachokutana na mwenzake.

toboa_maembe

Haya nimerudi, na maneno ya boksi nayafuta 😅

Ripoti. Chesisi safi. Sakafu safi. Ukuta wa mbele wa kabini ule wenye vile vidirisha viwili vya kuingiza hewa chini ya kioo umenipa raha, nimekata vifuniko vyake vikafunguka kabisa. Tatizo limeanza ubavuni. Ubavu una ule mpindo chini ya madirisha, sawa, nimeupinda kwa kuuburuza kwenye ukingo wa meza, umekaa vizuri. Nikija kuufunga na kipande cha nyuma kinachobeba mlango wa nyuma, kona ya juu inakutana, ya chini haikutani, ubavu umezidi kama nusu milimita hivi, kulia na kushoto kote. Nikisukuma uingie kwa nguvu unavimba katikati. Nimejaribu na karatasi ya kawaida, hadithi ileile, kwa iyo sio mkono wangu.

Mwl_Kasulu

Na mimi nimefikia hapohapo na nusu milimita ileile. Nadhani nimeshaiona. Mwenye uzi, ule mpindo umeupa nusu kipenyo cha ngapi?

mwisho_wa_reli

10 mm, nyuzi 60.

Mwl_Kasulu

Ndo hiyo. Upinde wa nyuzi 60 wenye nusu kipenyo cha 10 una urefu wa 10.47. Mstari ulionyooka kutoka ncha moja ya upinde mpaka nyingine ni 10 kamili. Ubavu umeukunjua vizuri, una 10.47. Kile kipande cha nyuma ukingo wake pale kwenye mpindo umeuchora umenyooka, una 10. Tofauti ni 0.47, nusu milimita ya watu wa Tabora hiyo. Ukichora ukingo wa kipande cha nyuma nao uwe na upinde uleule vitakutana. Kwenye skrini usingeona maana programu ilivunja upinde vipande vipande ikaviona sawa.

Na hapohapo niwape faida. Ule mpindo ulikuja na Series II mwaka 1958, mchoraji wao David Bache. Angeupindisha na kwa urefu vilevile karatasi ingetushinda, lakini unaenda mstari mmoja kuanzia mbele hadi nyuma kama bomba lililochanwa, ndo maana manila inaukubali.

mwisho_wa_reli

Mwalimu umemaliza, narekebisha leo vipande 9, 10 na 22. Hiki ndo nilikuwa nakitafuta, ningeshaweka rangi na vitasa na vumbi lote ningelia.

MamaPacha_Ujiji

Kwangu ubavu sikusumbuliwa nao nilikata kwa jicho nikapunguza 😀 kwangu mimi shida ni paa. Paa limekuwa mawimbi, asubuhi lilikuwa limenyooka jioni limepanda upande mmoja. Nimetumia gundi nyeupe ya mbao.

mwisho_wa_reli

Dada hapo vitu viwili. Gundi nyeupe ina maji, na huku kwetu ziwa na mvua hizi hewa yenyewe tayari imeloa, manila inakunywa inavimba, ikikauka hairudi ilivyokuwa. Paka nyembamba sana, na upake kwenye kimasikio tu (kile kipande cha ukingoni cha kubandikia) sio eneo lote, kisha weka chini ya vitabu mpaka kesho. La pili nahisi umegeuza ukurasa.

MamaPacha_Ujiji

Nimegeuza ndio, ili niokoe manila, paa nimeliweka kwa upana. Kwani na karatasi ina mkao wa nyuzi?

mwisho_wa_reli

Inao. Kiwandani nyuzi nyingi zinalala upande mmoja. Kata mraba, upinde taratibu kwa vidole bila kuuvunja, kisha ugeuze robo upinde tena. Kuna upande utakubali bila ubishi, ule mstari wa mpindo ndo unafuata nyuzi. Paa la 109 linashuka kidogo kulia na kushoto, kwa iyo nyuzi ziende kutoka mbele kwenda nyuma ya gari.

MamaPacha_Ujiji

Miaka yote nawakatalia wateja kukata kitambaa kwa upana ili kuokoa nusu mita, leo manila imenikuta. Narudia paa.

Mzee_wa_Difu

Paa hilo ungeliwekea na lile la pili. Stesheni wagoni nyingi za nchi za joto zina paa mbili, bati la juu limeachana na la chini kidogo hewa ipite, kabini isichemke. Kwenye picha za zamani ndo utambulisho wake.

mwisho_wa_reli

Lipo mzee, kipande 31, linakaa juu ya vipande vidogo vya kuliinua vya milimita 1. Na faida yake nyingine linaficha mawimbi ya paa la chini, ila msiwaambie watu.

toboa_maembe

Matairi mnayafanyaje? Patani inasema duara nyingi zibandikwe pamoja. Tairi la upana wa 8 mm kwa manila ya robo milimita ni duara 32, mara matano na la spea. Mkuu una roho mbaya.

mwisho_wa_reli

😂😂 duara za manila ni mbili mbili za nje tu, katikati jaza kadibodi ya boksi la biskuti. Ama fanya hivi ambavyo naona sa hivi ni bora: kata utepe wa 8 mm, uzungushe kwenye kijiti cha kuchokolea meno huku unapaka gundi, unaunga tepe kwenye tepe mpaka kipenyo kifike 32. Linatoka gumu kama la mpira. Ukingo lisugue na msasa mlaini kupata ule mviringo wa bega.

Angalieni na unene kwenye utepe wa mwisho wenye mchoro wa kashata. Mzunguko wa 32 mm ni 100.5, lakini ukivalisha manila ya robo milimita juu yake mzunguko wa nje unaongezeka milimita 1.57, kwa iyo utepe nimeuchora 102 na kuna sehemu ya kupunguza. Kosa hilohilo liko kila mahali boksi linapoingia ndani ya boksi, la ndani lazima liwe dogo kwa nusu milimita, robo kila upande. Fremu ya kioo cha mbele imechorwa hivyo, msiiongeze.

KibiriziBoy

Sawa mmenishinda. Vioo mnaweka nini

mwisho_wa_reli

Karibu 😄 plastiki ngumu ya boksi la shati jipya. Vioo vya hii gari karibu vyote ni bapa, hata cha mbele ni vipande viwili bapa, unakata na wembe unabandika kwa ndani. Usitumie supagluu, moshi wake unaacha ukungu mweupe kwenye plastiki, tumia gundi nyeupe tone dogo.

toboa_maembe

Hii ikiisha naomba Peugeot 404. Mzee wangu alikuwa nayo. Na ndo gari aliyoshindia Bert Shankland Safari Rally 1966 na 1967, dereva wa Tanzania yetu hii, sijui kwa nini watu hawamsemi.

mwisho_wa_reli

404 inanivutia kweli, ilichorwa na Pininfarina ikatoka 1960, ubavu umenyooka na nyuma ina yale mapezi. Ni katikati ya kaunda suti na gauni la harusi, kona za boneti na za paa ndo zitahitaji vipembe vya dada yetu hapo. Ila kwanza nimalize hii, bado rangi.

Mwl_Kasulu

Kwenye rangi uwaambie watu mapema: printa ya wino wa maji ikiguswa na gundi mbichi rangi inatembea. Ile ya stesheneri ya wino wa unga haitembei lakini kwenye mkunjo inapasuka inaonyesha mweupe. Wanafunzi wangu wanapitisha penseli ya rangi kwenye kila ukingo kabla ya kubandika, na wanachora mstari wa mkunjo kwa kalamu iliyoisha wino, karatasi inabonyea bila kukatika.

mwisho_wa_reli

Naiweka kwenye maelezo ya ukurasa wa kwanza. Faili jipya lenye 9, 10, 22, 14A na 14B nimeshalituma kwa wote mliotaka. Rangi zitakuwa tatu, kijani ya mwanzo, nyeupe ya hospitali, na ile ya udongo.

dogo_A4

nimeprinti tena mstari umetoka 100 kabisa. naanza na kipande gani, bodi au chesisi

mwisho_wa_reli

Chesisi. Ijengee juu ya kipande cha kioo cha dirisha, ubao wa meza nyingi umepinda na wewe hujui. Funga mihimili miwili mirefu kwanza, ibane kwenye kioo na kibanio cha nguo huku na huku, kisha ndo uingize ya kukatiza. Iache ilale hapohapo mpaka kesho, usiibandue usiku ukitaka kuona. Ukifika kipande 9 nishtue, usikate kwa kopi yako ya zamani.

dogo_A4

sawa bro. kibanio cha nguo cha mbao au plastiki

MamaPacha_Ujiji

Cha mbao, cha plastiki kinaacha alama.